NANI ATANIOZESHA? (Sehemu ya Tano)

Jumamosi, tarehe 11 Aprili 2026. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, na hadi saa mbili asubuhi ilikuwa haijapumzika hata kidogo. Upepo wa baharini uliisukuma mpaka ndani ya madirisha yetu, ghorofa ya tatu, Mchafukoge. Mama alipanga mabeseni matatu sebuleni, kisha akayaondoa, kwa sababu hapo ndipo wanaume wangekaa.

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni anasema mtu anayetoa ushahidi aanze na tarehe na hali ya hewa, ili msomaji ajue kuwa kweli alikuwepo.

Nilikuwepo. Ilikuwa siku ya ndoa yangu.

Kwa anayeanza kusoma leo, nieleze kidogo. Mimi ni Zulekha, miaka thelathini na saba, mtalaka. Mchana nauza zipu na vifungo Kariakoo, jioni nasoma kidato cha pili na watu wazima wenzangu. Mwezi wa Ramadhani nilishuka Feri saa saba mchana kutafuta samaki wa futari. Nyuma ya makarai ya wakaangaji nikamkuta kaka yangu Anuari, kipande cha samaki aina ya changu mkononi, anatafuna.

Anuari anauza kanzu, misala na tasbihi. Watu wa mtaani wanamwita Ustadhi.

Mimi nilirudi hatua moja nyuma. Yeye akasogea kunipa nafasi.

“Zule, kaa. Samaki mwenyewe mkubwa, peke yangu simmalizi.”

Ndipo akanieleza kwamba imani imemtoka, mwaka wa tatu sasa. Hakugombana na mtu, hakufiwa, hakusoma kitabu kibaya. “Ni kama umeme wa luku ulioisha,” alisema. “Nabonyeza swichi, nabonyeza, taa haiwaki. Nimeacha kubonyeza.” Akaniomba nisimwambie mama.

Sikumwambia. Hiyo ndiyo dhambi ninayoiungama katika ukurasa huu. Kaka yangu ana lake na Mola wake. Langu ni kwamba nilimsaidia kuficha. Mama akiuliza kama Anuari amefunga, mimi ndiye niliyejibu. Mama akimwandalia daku, mimi ndiye niliyesema ameshakula na kunuia.

Kisha, Idi ilipopita, fundi friji mmoja wa Gerezani aitwaye Ramadhan, mgane mwenye sauti ya taratibu, akaleta posa. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba baba yetu amefariki, na kwamba walii wangu, yaani mwenye haki ya kuniozesha, ni ndugu yangu pekee wa kiume.

Ni Anuari.

*

Jumapili iliyotangulia ndoa niliamua kuuliza. Kuna kipindi cha maswali ya dini redioni saa nne asubuhi, na mama yangu, Bi Mboni, hakikosi. Nikachukua simu, nikashuka ngazi hadi ghorofa ya chini yetu, nikabana pua kwa vidole viwili.

“Tunaye mpigaji. Assalaamu alaykum.”

“Waalaykumu ssalaam. Naitwa Mama wa Ilala. Nauliza kwa niaba ya rafiki yangu.”

“Karibu. Rafiki yako ana shida gani?”

“Anaolewa. Walii wake ni kaka yake. Lakini huyo kaka, kwa siri, imani imemtoka. Anaweza kumwozesha?”

“Imemtoka kivipi? Haswali kwa uvivu, au haamini?”

“Haamini. Kuswali anaswali vizuri tu.”

Sheikh wa redioni alikohoa. Nadhani alikuwa anacheka.

“Hilo sijawahi kuulizwa,” akasema. “Sikiliza, Mama wa Ilala. Asiyeamini hana uwalii juu ya Mwislamu. Uwalii unahamia kwa anayefuata. Ana kaka mwingine?”

“Hana. Wala watoto wa kiume wa kaka hawapo. Kuna baba mdogo.”

“Basi baba mdogo ndiye walii.”

“Na kama yule kaka akimpa sheikh wakala amwozeshe kwa niaba yake?”

“Mtu hawezi kukuazima asichonacho, mama. Ndoa hiyo haitasimama.” Kisha sauti yake ikawa ya upole. “Na huyo kaka mwombeeni dua. Msimtangaze.”

Nilipanda ngazi mbili mbili. Mama alikuwa jikoni, mikono imejaa unga, redio juu ya friji.

“Umemsikia huyo mwanamke?” akaniuliza.

“Nani, mama?”

“Mama wa Ilala. Maskini ya Mungu. Na anavyoongea kama kabanwa pua.”

“Labda ana mafua.”

“Mafua gani! Ni aibu hiyo.” Akaupiga unga ngumi. “Mimi nikisikia hivyo kwa mtoto wangu, Zule, sisubiri kubebwa. Naingia kaburini kwa miguu yangu.”

Kisha akaniambia nimletee mafuta.

Basi nilisimama katikati. Nilitaka ndoa iliyo ndoa mbele ya Mungu, maana ile ya kwanza ilikuwa na ukumbi, na keki, na kila kitu isipokuwa hofu ya Mungu, na ilivunjika. Nilitaka pia mama asiende kaburini kwa miguu yake.

*

Nilikwenda dukani kwa Anuari siku hiyo hiyo. Alikuwa anakunja kanzu. Nikamweleza jibu la sheikh.

“Kwa hiyo nimefukuzwa kazi,” akasema.

“Usinitanie, kaka. Mimi naamini. Hili kwangu ni kubwa.”

Akaiweka kanzu chini.

“Najua ni kubwa. Ndiyo maana sikuozeshi. Mimi nadanganya mengi, Zule, tena kila siku. Lakini kukupeleka kwa mume kwa maneno matupu, wakati wewe unayachukulia kuwa ya kweli, hapana. Hilo sifanyi.”

“Tutamwambia mama nini?”

Mteja akaingia. “Ustadhi, misala hii ndiyo yenye dira ya kibla?”

“Hiyo haina, mama. Yenye dira ni ile ya kijani.” Akanigeukia na kunong’ona. “Tutamwambia naumwa. Walii kazi yake ni kutamka. Mimi nitapoteza sauti.”

Nilimwona kama mtu mwenye akili kuliko wote Kariakoo.

Jumatatu Anuari akaamka bubu. Alikuja kwa mama amefunga koo kwa kitambaa, anaonyesha kwa vidole. Mama akampa tangawizi. Jumanne akampa asali na ndimu. Anuari akawa anauza kanzu kwa kuandika kwenye karatasi, na wateja wakasema huyo Ustadhi amejiwekea nadhiri ya kutosema ovyo, mcha Mungu kweli.

Jumatano mama akasema dawa za dukani basi. Akaenda kwa mwalimu wa madrasa, akarudi na kombe.

Wasiolijua waelewe kwamba kombe ni aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa akanywa. Mama alikuwa amelisomea mwenyewe tangu adhuhuri hadi alasiri, bila kuinuka.

Anuari akapokea bakuli. Akanitazama. Nikatikisa kichwa kidogo, maana yake: kunywa, ubaki bubu, Jumamosi ipite.

Akanywa lote. Mama akakaa mbele yake anamkodolea koo kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Dakika moja. Mbili. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa dua.

“Alhamdulillah,” akasema Anuari. Sauti safi kama ya muadhini.

Mama alipiga kigelegele mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza kuna nini. Mimi nilidondosha sinia.

Nilimvuta kaka yangu ukumbini.

“Umeponaje wewe?”

“Hukumwona macho?”

“Macho ya nani?”

“Ya mama. Ningebaki bubu, angejua dua yake imekataliwa. Angejiuliza amefanya kosa gani. Zule, ningewezaje?”

“Lakini wewe kombe huliamini!”

“Kombe siliamini. Lakini nitamwachaje mama alie wakati dawa ya kilio chake ni neno moja?”

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Nilimpiga kidogo begani, nikaenda kuswali.

*

Alhamisi Anuari alitengeneza alichoharibu. Mbele ya mama alisema kwa unyenyekevu kabisa:

“Mama, mimi ni mtoto. Baba mdogo Bakili yupo hai, yuko Magomeni, ndiye aliyebaki wa damu ya baba. Heshima ya kumwozesha Zule namwachia yeye.”

Mama alilia. Akapiga simu Kilwa, akapiga Lindi, akapiga kwa kila ndugu mwenye simu. “Mmemsikia Anuari wangu? Haki yake, kaiacha kwa adabu!” Jioni ile jirani akamleta mjukuu wake asomewe dua na kaka yangu, na kaka yangu akamsomea kwa kanuni zote za tajwidi, huku ananitazama kwa jicho la mtu anayezama.

Lakini baba mdogo alikubali. Nilisujudu sijida ya kushukuru. Ijumaa nililala usingizi wa mtoto.

Halafu ndiyo ikaja Jumamosi, na mvua ile.

Saa nne nilikuwa chumbani, hina imekauka, baibui jipya limening’inia mlangoni. Pembeni yangu alikaa Clotilda, mwenzangu wa dawati moja darasani. Ni Mchaga, ana duka la jumla la sabuni, na ndiye mtu pekee niliyemwambia siri hii. Simu ikalia.

“Haloo! Zulekha!” Baba mdogo ana miaka sabini na nne na simu huwa anaipigia kelele kama anaita mtu wa ng’ambo ya mto. Safari hii alikuwa na haki. “Niko Magomeni! Kariakoo naiona ile pale! Katikati ni ziwa!”

“Ziwa gani, baba mdogo?”

“Jangwani imejaa! Barabara wameifunga, hapiti gari hapiti mtu!”

“Zunguka Kigogo.”

“Ndiko nilikotoka! Foleni imelala kule, watu wamezima magari wanakula mahindi!”

Nikafumba macho. “Tutakusubiri, baba mdogo. Hata hadi alasiri.”

“Msinisubiri, watu wa Ramadhan wameshafika! Nipe Sheikh niongee naye!”

Kabla sijajibu, mama alikuwa ameshaingia chumbani, akaichukua simu na kuipeleka sebuleni. Kupitia ukutani nikasikia sauti ya baba mdogo ikitoka kwa spika, mbele ya wanaume wote.

“Sheikh Mtulia! Mimi nimekwama! Nampa wakala Anuari aozeshe badala yangu!”

Na Sheikh Mtulia, mzee mpole wa msikiti wetu, akacheka. “Mzee Bakili, Anuari ndiye walii wake wa kwanza. Alikupa wewe kwa adabu tu. Haki imerudi kwa mwenyewe.”

“Maashallah,” wakasema wanaume.

Nilihisi hina inanibana mikono.

“Sasa?” akauliza Clotilda.

“Sijui.”

“Ngoja nichungulie.” Akafungua mlango kidogo, akarudi. “Kaka yako hayupo sebuleni. Wanasema ameenda kutawadha.”

Dakika tano zikapita. Akachungulia tena.

“Karudi?”

“Karudi, kaaga tena. Anatawadha mara ya pili.”

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Clotilda, maana yangu ilikuwa bado sebuleni. Ulitoka kwa Anuari: MWAMBIE ZULE AFANYE KITU. MAJI YA TANKI YANAISHA.

“Mara ya tatu hii,” akasema Clotilda. “Wazee wanamsifu. Wanasema vijana wa siku hizi mara moja tu wanaona tabu.”

Mimi nikainuka. Nikageukia kibla, nikainua mikono. Sikuomba maneno mengi. Nilisema: Ya Rabbi, unajua ninachokitaka, nami sijui njia. Nionyeshe, hata kama ni ngumu.

Nilipopangusa uso, mlango ukabishwa hodi.

*

Alikuwa Sheikh Mtulia, na nyuma yake mashahidi wawili: kaka yake Ramadhan, na mzee jirani wa ghorofa ya chini. Mama alisimama kizingitini amejifunga kanga mpya, anametameta. Walibaki nje ya mlango, mimi ndani na mtandio usoni.

“Zulekha binti Shamte.”

“Abee, Sheikh.”

“Ramadhan bin Selemani anakuoa kwa mahari uliyoitaja mwenyewe, msahafu na cherehani. Umeridhia?”

“Nimeridhia.”

Mama akapiga kigelegele. Sheikh akainua mkono.

“Na umeridhia kaka yako Anuari akuozeshe?”

Wanangu wa kike na wadogo zangu mnaosoma, mnajua jambo hili. Mwari akiulizwa akanyamaza, kimya chake ni ndiyo. Anaona haya, watu wanaelewa, ndoa inaendelea. Mimi ni mtalaka. Mtalaka lazima atamke. Karibu miezi miwili nilikuwa nimeishi kwa kunyamaza, na sasa nimeulizwa swali ambalo dini yangu inanikataza nilijibu kwa kimya.

Clotilda akaniinamia sikioni. “Kwetu padri huuliza kanisani kama kuna mwenye pingamizi. Kwenu naona pingamizi ni bi harusi mwenyewe.”

“Binti?” akasema Sheikh.

“Sheikh,” nikasema, na sauti yangu ikatoka nyembamba. “Ramadhan nimemridhia. Kaka yangu nampenda, Mungu anajua. Lakini kuniozesha, hapana. Namsubiri baba mdogo.”

Kigelegele cha pili kilikuwa tayari kooni kwa mama. Kikakwama hapo.

“Zulekha!”

“Namsubiri, mama. Hata kesho.”

“Umerogwa? Watu wako sebuleni! Pilau liko jikoni!”

Kaka yake Ramadhan akasogea. Hakuwa na hasira, alikuwa na wasiwasi, na hiyo iliniuma zaidi. “Shemeji, sisi tuna nia njema. Lakini kama kwa kaka mtu kuna jambo, si tuambiwe?”

“Binti yangu,” akasema Sheikh taratibu, “walii wa karibu akiwepo, wa mbali hamruki. Mpaka kuwe na sababu ya kisheria. Ipo?”

Nikauvuta mtandio chini. Nikapiga hesabu.

Nikisema haipo, ninadanganya juu ya ndoa yangu. Nikisema ipo, wataiuliza.

“Labda kaka mtu kaila mahari,” akasema mzee jirani.

“Mahari ni cherehani, mzee,” akajibu Clotilda toka ndani. “Ataitafunaje?”

Mtu akacheka ukumbini. Mama hakucheka. Aligeuka, akaita kwa ile sauti aliyotutolea tulipokuwa wadogo.

“Anuari! Njoo hapa!”

Akaja. Mikono ya kanzu imekunjwa, maji yanamtiririka kidevuni. Wanaume wawili watatu wakaja nyuma yake, na Ramadhan akawa wa mwisho, amesimama mbali kidogo kwa heshima, kofia mkononi.

“Umemfanya nini dada yako?”

“Sijamfanya kitu, mama.”

“Basi mbona anakukataa mbele za watu? Wewe? Mtu aliyempisha baba yake mdogo kwa adabu! Mtu anayetawadha mara tatu!”

Anuari akanitazama. Nikamtikisia kichwa kwa nguvu mpaka mtandio ukateleza. Nimekuwa nikimwomba Mungu afungue moyo wa kaka yangu kila siku tangu ile siku ya Feri. Dakika ile, Mungu anisamehe, nilimwomba amfunge mdomo.

Kaka yangu akatabasamu, tabasamu lile lile alilokuwa nalo na yule samaki.

“Msimgombeze Zule,” akasema. “Hana kosa lolote. Yeye alikuwa ananisitiri. Sababu ipo, na ni yangu. Mimi ndiye nisiyefaa kumwozesha.”

“Hufai?” Mama akaangalia huku na huku kama anatafuta mtu wa kumsaidia kucheka. “Wewe hufai, anafaa nani?”

“Mama.”

Alilisema hilo neno moja tu, kama mtu anayeomba radhi.

Sheikh Mtulia alimtazama kwa muda mrefu. Ni mzee aliyemfundisha Anuari juzuu ya kwanza. Nilimwona uso wake ukibadilika polepole.

“Ni sababu ya kisheria?” akauliza.

“Ndiyo, Sheikh.”

“Unaikiri mwenyewe? Hujalazimishwa?”

“Naikiri.”

Nilisubiri aulize ipi. Hakuuliza. Aliinamisha macho, akasema, “Basi uwalii umehama. Tutamsubiri Mzee Bakili aje mwenyewe; kwa ndoa hii sitaki tena wakala wa simu.” Kisha akawageukia watu. “Tutaswali adhuhuri hapa hapa, ndugu zangu. Mvua haina haraka, na sisi tusiwe na haraka.”

“Mimi nasubiri,” akasema Ramadhan kutoka nyuma. Ndiyo maneno pekee aliyoyasema asubuhi ile, na mpaka leo nayakumbuka.

Nikadhani tumevuka. Ndoa yangu itakuwa ndoa. Siri ingali siri. Nikaanza kusema alhamdulillah kimoyomoyo.

Mama hakusogea.

“Umehama kwenda wapi?” akauliza. “Mnaongea nini ninyi? Sababu gani? Sheikh anaijua, Zule anaijua, huyu Clotilda asiyejua hata kutawadha nadhani anaijua. Mimi niliyemzaa sijui?”

Clotilda akaangalia sakafu.

“Mama, leo ni siku ya Zule,” akasema Anuari.

“Nimekuuliza.”

“Naomba uniachie mpaka baba mdogo avuke. Zule aolewe, wageni wale, wacheke, waende kwao. Nitakwambia.”

“Lini? Mwakani?”

“Leo.”

“Wewe nakujua. Utanichekesha, nitasahau, nitalala. Apa.”

“Naahidi, mama.”

“Sikusema uahidi. Nimesema uape. Sema wallahi.”

Jamani, kaka yangu ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Wallahi kwake ni kama habari za asubuhi. Anaapa kofia haichuji, anaapa mzigo unashuka kesho, anaapa hajaonja pilau na wali uko kwenye ndevu. Sote tulisubiri alitoe hilo neno jepesi, tuende tukaswali. Hata mimi, ninayejua, nilitamani alitoe.

Anuari akashusha mikono ya kanzu yake, mmoja, kisha wa pili. Akaushika mkono wa mama.

“Leo siapi, mama,” akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka sebuleni. “Lakini mbele ya Sheikh, mbele ya mashahidi hawa wawili, mbele ya dada yangu, naahidi: kabla ya adhana ya magharibi nitakaa chini mbele yako, nitakwambia ukweli wote, na sitainuka mpaka wewe mwenyewe uniambie niinuke.”